Ziwa la Mzaliwa wa Kwanza

Edina, kamwene.

Umetoka asubuhi na Anita kwenda Kalenga kumuaga bibi yako, na baba yako yuko shambani na pampu mgongoni, kwa hiyo nyumba ni yangu peke yangu mpaka jioni. Kesho basi la Mbeya litakuchukua hapo barabarani, wewe na Anita. Miezi yote hii ulikuwa mtu aliyekuja kujifungua kwa mama yake. Kesho unakwenda kwako, na ukija tena Ilula utakuja kama mgeni, utabisha hodi. Nimeona nikuandikie sasa, maana kesho nitakuwa na kazi ya kujifanya sina neno.

Mambo ya jiko na mume sitayagusa. Wamama wa kanisani walikufunda siku nzima kabla ya ndoa, wakala wali wetu, wakakueleza kila wanachokijua na vingi wasivyovijua. Baraka ni kijana mtulivu. Anatengeneza simu zake pale Mwanjelwa na jioni anarudi nyumbani na akili zake zote. Hayo yatajiendesha. Mimi nataka tuongee juu ya maziwa unayoyakamua na kuyamwaga kwenye migomba.

Ulidhani sioni. Tangu Jumapili ile tuliyokaa mkekani tukichambua maharage, hujampa Anita ziwa. Unasubiri baba yako atoke, unazunguka nyuma ya jiko, unakamua kwenye kikombe cha bati, unamwaga, halafu unafunika na majani makavu kama paka. Ukiingia ndani umeshika chupa ya maziwa ya ng'ombe wa jirani uliyoyazimua na maji, na mtoto anakunywa huku anakutazama kama mtu aliyeuziwa kitu ambacho sicho. Nepi zake nazifua mimi, kwa hiyo habari ninazo. Anaharisha, na amelegea. Jana ulipokuwa bafuni nilimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kwa wizi, kama vile mjukuu ni wa mtu mwingine. Nimekaa kimya kwa sababu neno lililokufikisha hapo lilitoka mdomoni mwangu, na lilitoka kama utani.

Uliniuliza siku ile, "Mama, ni kweli ulikataa mafuta ya nguruwe aliyoniletea jirani wakati nimejifungua? Watu wanasema Mama Edina amekuwa mchoyo, anamtoa mwanawe kwenye uzazi na supu ya kuku tu."

Ningeweza kusema jirani mafuta yake yameungua, tukaendelea na maharage. Lakini unanijua. Nikijua kitu siwezi kukikalia. Nikakuambia kwamba dawa zile za zamani za kuulia wadudu hupenda mafuta, zikiingia mwilini hujichimbia humo miaka na miaka, na kwamba mlango wake mkubwa wa kutokea kwa mwanamke ni maziwa. Nikaona umenisikiliza vizuri, nikanogewa. Nikasema, "Kwa hiyo mtoto wa kwanza ndiye anayefyonza mengi. Wewe ulinifagia mama yako. Mdogo wako Sila amekuta ghala safi, ndiyo maana mvivu, hakuwa na kazi." Nikacheka peke yangu.

Wewe ulishika harage moja, ukaligeuzageuza. Ukasema, "Kwa hiyo ile mimba yangu iliyotoka, ndiyo hiyo?"

Na mimi, mwanamke mwenye jibu la kila kitu, nikasema maharage ya mwaka huu yana mawe mengi.

Hilo ndilo nililokaa hapa kulirekebisha. Sitaweza kulirekebisha lote, lakini angalau utapata habari nzima. Jumapili nilikupa nusu.

Umekulia pembeni ya barabara kuu, umekimbiza mabasi na ndoo ya nyanya tangu ulipoweza kuibeba, kwa hiyo sikuelezi nyanya inavyokuzwa. Dawa juma hili, dawa juma lijalo, na mvua ikinyesha dawa tena kwa kuwa ile ya jana imeoshwa. Baba yako anachanganya ya ukungu na ya wadudu kwenye ndoo moja, anakoroga na mti, ananusa. Isipomkereketa koo anaongeza. Juzi nilimwambia, "Baba Edina, funika basi hata mdomo." Akanijibu, "Nikifunika mdomo nitajuaje kama imekolea?" Unaona mtu niliyezeeka naye.

Nyanya hizo hatukuwahi kuzila. Wewe unajua, ulikatazwa hata kulamba. Kila nyumba ya hapa ina vishina vyake nyuma ya jiko visivyopigwa kitu, vinazaa vinyanya vyenye makovu kama magoti ya watoto, hivyo ndivyo vya kula. Zile kubwa ni za abiria. Nilikuwa nazifuta na kanga ule weupe wa dawa mpaka zinang'aa, namnyooshea mtu dirishani, naye anaifuta tena kidogo kwenye shati lake kwa ajili ya usafi, anang'ata palepale. Mimi nimesimama chini namwonea huruma. Namwonea huruma na napokea hela yake, sikuona kama vitu hivyo viwili vinagombana. Kisha narudi nyumbani, nachuma vya kwangu, napika, nalala usingizi wa mtu mjanja.

Ujanja huo ndio ulionifunga macho. Nilikuwa nimeweka mlinzi kwenye mlango wa nyanya, na mwizi akaingia na gunia la mahindi begani, mimi mwenyewe nikamfungulia.

Mahindi ya kuuza hapa kwetu huondoka mapema. Yanayobaki kihengeni ni ya kula, na kwa kuwa ndiyo yanayokaa, ndiyo dumuzi, yule mdudu wa ghalani, anayoyapenda. Mwaka uliotangulia ule niliobeba mimba yako wewe, alikula karibu kihenge chetu kizima. Ukishika gunzi linabaki vumbi mkononi. Tulikula viazi mpaka baba yako akawa anaviamkia kama majirani. Kwa hiyo mwaka uliofuata, tulipovuna, niliapa. Nikaenda mnadani, nikamkuta mchuuzi mmoja wa kuzunguka, ana mfuko wa nailoni mweusi chini ya meza, anapima unga mweupe kwa kifuniko cha soda.

"Hii ni ile ya zamani, mama," akaninong'oneza. "Didiiti yenyewe. Hizi za madukani zinamtekenya tu mdudu, anacheka, anaendelea kula."

Nikamwuliza kama haina madhara kwa mlaji.

"Mama, hii siyo ya mlaji, ni ya mahindi."

Jibu hilo lilinitosha. Mpaka leo nikilikumbuka nashangaa jinsi lilivyonitosha.

Nilipaka kwa mkono, tumbo langu la kukubeba wewe likiwa limeanza kuonekana. Na sikiliza sehemu hii vizuri. Kama yangekuwa ya kuuza, ningeyafanyia uchoyo, ningenyunyiza kidogo tu ili yafike sokoni yakiwa mazima. Yale yalikuwa yetu. Yalikuwa yako. Nikayapaka kama mama anavyompaka mtoto poda baada ya kumwogesha, kila pembe, kila mkunjo, na kilichobaki nikakimwagia juu. Dumuzi hakuonekana mwaka ule. Wenzangu walikuja kuangalia kihenge changu kama watu wanavyokwenda kuangalia nyumba ya bati. Nikawaelekeza kwa mchuuzi, na mimi mwenyewe nikawa namrudia kila mavuno.

Wakati wa kusaga tulikuwa tunayaosha na kuyakoboa, kwa hiyo sembe ilitoka nyeupe na mimi nikaona tumemaliza kazi. Pumba tukampa nguruwe. Nguruwe hakulalamika. Alinenepa mpaka akawa anatembea kama diwani. Tulipomchinja, mafuta yake yalijaza debe, na debe lile nikasafiri nalo kwenda Kalenga kujifungua kwa mama yangu, kama wewe ulivyokuja kwangu.

Bibi yako ana sheria moja ya uzazi, unaijua: maziwa hayaji bila mafuta. Asubuhi uji una kijiko cha mafuta juu, mchana mboga inaelea, jioni ugali umepakwa. Nikisema nimeshiba ananiambia, "Huli wewe, anakula mwenzako." Nilikuwa nafuta mdomo kwa ncha ya kanga na ncha ile ilikuwa inang'aa. Maziwa yalikuja kweli. Ulinyonya kwa nguvu, ukaota vikunjo mapajani, na wanawake wa Kalenga walikuwa wanapita kukupima kwa mikono na kusema mtoto huyu kashiba. Hawakukosea. Ulishiba kila kitu nilichokuwa nacho.

Sikuyajua haya kwa kusoma. Niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha vibandiko vya chupa. Niliyajua kwa mikono. Miaka ya baadaye, wewe ukiwa shule ya msingi, nilimsaidia baba yako kumimina dawa ikanimwagikia. Nikanawa kwa maji, harufu ipo. Nikanawa kwa sabuni, harufu ipo. Nikaacha, nikaenda kukaanga maandazi, mafuta yakanipaka viganjani, nikafuta kwa tambara. Harufu ikaondoka na mafuta. Nilisimama pale jikoni maandazi yakiungua. Nilijisemea, kumbe hii kitu maji haiyajui, inayajua mafuta.

Alipokuja bwana mifugo kuangalia ng'ombe wa jirani nikamwendea. Yule mzee mrefu aliyekuwa anaongea na wanyama kwa heshima kuliko na watu. Alikuwa amewaambia wenye ng'ombe wasinywe maziwa kwa siku kadhaa kwa sababu ng'ombe ametoka kuogeshwa dawa ya kupe.

Nikamwuliza, "Lakini si amepakwa nje?"

"Ngozi siyo ukuta, mama."

Nikamweleza habari ya maandazi. Akacheka. "Umegundua vizuri. Ila usirudie, maana mafuta hayo hayo yanaipitisha ndani haraka zaidi." Kisha nikamwuliza habari ya ule unga mweupe, kama mtu ameula miaka kadhaa, unakwenda wapi. Akaacha kucheka. Akasema dawa nyingi za siku hizi zina sumu yake na makali yake, lakini nyingi mwili huzitoa baada ya muda. Ile ya zamani haina haraka. Inakaa kwenye mafuta ya mwili inasubiri. Mtu akikonda, mafuta yanayeyuka, inarudi kwenye damu.

"Na asipokonda haitoki?"

"Inatoka," akasema, huku anafunga mkoba wake. "Kwa mwanamke inatoka kwenye maziwa. Wa kwanza ndiye hubeba zaidi." Aliniangalia, akaona anaongea na nani. Akaongeza kwamba hata kwa ng'ombe ni hivyo hivyo, kana kwamba hiyo ni pole.

Nilirudi nyumbani nikakuta umekaa kizingitini unafanya hesabu za shule. Ulikuwa na miguu mirefu wakati ule na kaptula ya Sila. Nilitaka kukuambia kitu, nikakuambia uvae viatu.

Unga uliobaki niliufukia nyuma ya jiko. Sikujua pa kuupeleka, na sikutaka mtu mwingine aupake kwenye mahindi yake. Baada ya muda nikapanda migomba juu yake. Ndiyo hiyo unayoimwagia maziwa, mwanangu. Nikikuona pale nashindwa hata kukohoa.

Sasa nusu ya pili, ambayo Jumapili sikukupa kwa kuwa haina kichekesho ndani yake.

Ulipokuja na tumbo lako, kabla hujajifungua, nilichukua simu ya Sila nikasoma mpaka bando likaisha, nikamtuma anunue jingine, akaniuliza natafuta mchumba. Sikuridhika. Nikaenda kliniki nikamvizia nesi mmoja mtu mzima wakati watu wameisha, nikamweleza mahindi, nguruwe, debe, kila kitu, nikamwuliza binti yangu anyonyeshe au asinyonyeshe. Hakushtuka. Nafikiri hilo ndilo lililonihuzunisha, kwamba hakushtuka.

Akasema, "Mama, unadhani ni wewe peke yako? Kila mama anayekuja hapa ana kitu mwilini. Hata huko Ulaya wanacho. Anyonyeshe."

"Hata kama kimo?"

"Hata kama kimo. Humo humo kuna kinga ya kuharisha, kuna kinga ya kifua, kuna chakula ambacho hakuna kopo linalokiweza. Nimeona watoto wengi wakiletwa hapa kwa sababu ya chupa chafu. Wa maziwa ya mama yake bado sijaletewa."

Kule kwenye simu nako walikuwa wamesema hivyo hivyo, kwa maneno marefu. Wanaopima mambo haya, wakishayapima yote, bado wanasema mtoto apewe ziwa. Sikusikia hata mmoja aliyesema amwagiwe migomba.

Na fikiria unachompa badala yake. Ng'ombe wa jirani anaogeshwa dawa ya kupe na jirani huyo huyo ambaye kalenda yake iliishia Pasaka, siku za kusubiri hazihesabu. Ng'ombe naye ana mafuta, na maziwa yake hayana habari yoyote ya Anita. Maji unayozimulia yanatoka kwenye kijito ambacho baba yako na wenzake wanasuuzia pampu juu yake. Nikikuona unachemsha na kuchuja na kupuliza, nasikia vibaya, kwa sababu unafanya nilichofanya mimi. Umeweka mlinzi kwenye mlango mmoja.

Sikuambii maziwa yako ni safi. Ukiniuliza uso kwa uso nitasema sijui, na moyoni nitakuwa najua kidogo. Una ghala lako, Edina. Nililijaza mimi, kwanza kwa ziwa na baadaye kwa sahani, mpaka siku ile ya bwana mifugo. Ulikuwa unaomba ugali wa pili nami nilikuwa najivunia. Kitu ninachokuambia ni kwamba hakuna ziwa lingine la kumpeleka mtoto, na hilo ulilonalo, na vilivyomo, linamfaa kuliko chupa. Ni faraja nyembamba. Nimeitafuta pana zaidi sikuipata.

Halafu zile chai za kupunguza tumbo ulizoagiza kwa simu, niliona pakiti kwenye mkoba wako. Nilikuwa natafuta pini. Mwanangu, tumbo lako lina miezi michache tu tangu limtoe mtu. Ukijikondesha kwa nguvu huku unanyonyesha, unafungua ghala lote kwa mpigo. Liache liondoke kwa mwendo wake. Baraka akisema neno juu ya tumbo hilo, mwambie mama mkwe wake anasema na la kwake linaanza.

Mimi mwenyewe nimekonda tangu ile homa ya mwaka jana, na watu wananipongeza, wanasema nimerudi usichana. Nawashukuru. Usiku nalala nikiwaza nini kinazunguka kwenye damu yangu sasa, kimetoka wapi, cha mwaka gani. Hayo sikuwahi kukuambia, na sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ujue kwamba mtu anaweza kuyawaza na asubuhi akaamka akasonga ugali.

Sasa ile mimba yako.

Sijui. Nilimwuliza yule nesi, nikamwuliza na daktari pale Iringa nilipokwenda kupima shinikizo la damu, akaniona kichaa mwenye adabu. Alisema mimba hutoka kwa mambo mengi, na hakuna mtu anayeweza kuishika moja na kusema hii ilitolewa na kile. Inawezekana haihusiani kabisa na kihenge changu. Inawezekana inahusiana. Nimeishi na maneno hayo mawili tangu ulipopiga simu kutoka Mbeya ukilia, na mimi nikakuambia ni mapenzi ya Mungu, ulale, unywe maji. Nilikuwa nimeshika meza. Nilimsingizia Mungu, Edina, kwa sababu alikuwa mbali na asingebisha.

Kwa hiyo ukiniuliza tena, sitasema habari za mawe kwenye maharage. Nitasema sijui, na kwamba kama ni hiyo, mkono ulikuwa wangu, na mkono ule ulikuwa unakupenda. Hilo la mwisho halisaidii kitu. Mtu asiyekupenda angekupaka kidogo.

Nimejifunza nini? Wamama wa kanisani wangekuwa wameshapata somo na wimbo. Mimi nimejifunza kwamba hatari niliyoiogopa ilikuwa inanuka na inaonekana, nikaikwepa, nikajisifu. Ile niliyoila haikuwa na harufu, haikuwa na ladha, ilikuwa kwenye chakula kizuri kuliko vyote vya nyumbani, na nilikuwa nakiwekea kufuli. Na nimejifunza kwamba kujua kitu nusu na kukisimulia vizuri ni ugonjwa wangu. Nikikuona umerithi ugonjwa huo nakuomba uende kwa watu wengine nao, siyo kwa Anita.

Gunia utakalokwenda nalo kesho ni la mahindi ya mwaka huu. Nimeyahifadhi kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, sikuyapaka kitu chochote. Ukikuta dumuzi humo, ujue aliingia wakati nafungua kukupimia. Kama bado anatembea, furahi. Mahindi ambayo mdudu anaweza kuyala akaamka kesho yake, hayo ndiyo sasa nayaona ya kula.

Nimesikia geti. Ngoja.

Nimerudi. Nilificha karatasi chini ya Biblia nikatoka, maana ulikuwa umeingia na uso ambao sikuuelewa.

"Umeshindaje, mama?"

"Salama. Bibi yako hajambo?"

"Hajambo. Ametukana."

"Amemtukana nani?"

"Sisi wote. Nilimweleza, mama. Nilimweleza vyote, mpaka habari ya nguruwe na lile debe. Alinyamaza kabisa, nikadhani analia. Kumbe anamwangalia Anita. Akasema, 'Mtoto huyu ana njaa. Hiyo hotuba mtampa akishashiba.' Akanifungua vifungo mwenyewe, mama, mbele ya mchungaji aliyekuwa amekuja kumtembelea."

"Mchungaji alifanyaje?"

"Aliangalia dari. Dari yenyewe haipo."

Tukacheka, mimi na wewe, na kicheko hiki nilikikopa kwa mama yangu, sikustahili hata robo yake. Nimekesha, nimesoma, nimevizia manesi, nimekuandikia kurasa hizi mpaka kidole kimeota sugu, na mwanamke asiyejua kusoma amemaliza kazi kwa vifungo. Ila nimewaza pia kwa nini alinyamaza kwanza. Lile debe alilipakua yeye.

Nilitaka kuichana barua hii. Kisha nikafikiri, bibi yako anabaki Kalenga na wewe unakwenda Mbeya, na woga wa namna hii haumalizwi mara moja. Utakurudia siku utakayokuwa peke yako, Baraka yuko dukani, mvua ya Mbeya inapiga bati na mtoto analia. Siku hiyo uisome. Kwa hiyo naiweka kwenye mkoba wako, mahali pa zile chai. Chai nimezitoa.

Sasa hivi umekaa nje kwenye kigoda, mgongo umeupa mlango. Anita anameza kwa pupa mpaka anapaliwa, unamwambia, "Taratibu, wewe mwizi, halitoroki." Nasikia kila funda kutoka hapa. Nafurahi na linanikata, yote mawili kwa wakati mmoja, na nimejaribu kuyatenganisha nimeshindwa. Sidhani na wewe utaweza. Usisubiri uweze. Likiisha la kushoto, mpe na la kulia.

Mama yako.